Windo, Leseni na Stika za Tunduma

Vijana wa dukani mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Mkaongeza kwamba isizidi kurasa mbili, kwa sababu hamna muda wa kusoma. Ombi la kwanza nimelisikia. La pili nimelisahau, maana nimestaafu, na kusahau ni moja ya haki chache za mstaafu zisizohitaji kujaza fomu.

Sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Vyeo dukani kwetu vilikuwa viwili, aliyekaa karibu na feni na aliyekaa mbali nayo. Mshahara mnaujua, kwa hiyo hakuna la kusimulia.

Nilianza kazi Vwawa, kwa fundi wa taipureta aliyeitwa Mzee Simbeye. Nilikuwa nimetoka Ileje na cheti cha upigaji chapa, nikiamini kwamba mtu anayejua kupiga taipureta anajua pia kuitengeneza. Mzee Simbeye alinipa mswaki mkuukuu na taipureta ya ofisi ya shule, akaniambia nitoe makombo. Siku nzima nilitoa makombo ya maandazi. Nilijifunza siku hiyo kwamba elimu nchini inaendeshwa kwa maandazi zaidi ya tunavyoambiwa. Jioni Mzee aliikagua mashine, akachomoa kombo moja nililoliacha chini ya herufi M, akaliweka mezani mbele yangu.  Kesho yake nilikuja na mswaki wangu mwenyewe.

Mzee huyo alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Mtu akileta mashine, fundi mwingine yeyote angeuliza ina tatizo gani. Yeye aliuliza, "Hii ni ya nani?" Mteja akijibu kwamba ni yake, Mzee alimtazama kidogo, kisha akauliza tena, "Yako kwa kuinunua, kwa kupewa, au kwa kukaa nayo?" Wengi walinuna. Karani mmoja alibeba taipureta yake akaondoka bila kuaga, na baadaye tukasikia ofisi yake inaitafuta taipureta. Wakati huo niliona ni uzee tu unamsumbua. Sasa ninao na mimi, na ninauliza swali hilohilo hata nikiona ndoo mpya nyumbani.

Taipureta zilipokwisha tulihamia Tunduma. Mzee alisema mahali vitu vinapovuka mpaka ndipo vinapoharibikia, na hakukosea. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa dukani aliipindua juu chini akitafuta mahali pa kuingiza utepe wa wino. Alipoukosa aliishusha taratibu, akasema, "Hii sasa utaisafishia wapi?" Alivumilia kwa muda, akanifundisha alichoweza, halafu akarudi kwao kulima mpunga. Mimi nikabaki na bisibisi ndogo, brashi laini ya kupakia rangi, na wateja wake, ambao kwao nilikuwa "yule dada wa Mzee Simbeye" mpaka nikapata mvi.

Kazi yetu kubwa ikawa kupiga windo. Ninyi mmezaliwa mkaikuta kauli hiyo, kwa hiyo hamwoni ajabu yake. Kompyuta ikichelewa kuwaka, inapigwa windo. Ikijaa virusi, inapigwa windo. Skrini ikipasuka, bado atatokea mtu akuulize kama ukiipiga windo haitapona. Baba yangu kule Ileje aliposikia kwamba binti yake yuko mpakani anapiga windo, aliuliza kwa wasiwasi ni mnyama gani na kama nina kibali. Nilimweleza kirefu kwamba ni mfumo wa kompyuta, ule unaoiamsha asubuhi na kuiongoza siku nzima. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, mradi kibali unacho." Hilo la kibali lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua. Mji mzima ulikuwa unapigwa windo kwa flashi zilezile chache, zikizunguka kutoka duka hadi duka kama sufuria ya msiba, na hakuna aliyeuliza aliyezipika ni nani.

Neno lililonipa shida kuliko skrubu zote ni leseni. Nilimuuliza dereva wa lori kama laptop aliyonunua ina leseni. Akatoa pochi, akanionyesha leseni yake ya udereva, daraja la magari makubwa, akanihakikishia kwamba bado haijaisha. Mfanyabiashara mmoja aliniambia leseni iko ukutani dukani kwake, niende nikaione. Na mchimbaji mdogo kutoka Galula, aliyeleta laptop yenye udongo ndani ambao nilishawishika kuuosha nione kama una dhahabu, alinijibu kwamba laptop yake haiendi yenyewe barabarani, inapakiwa tu kwenye bodaboda, kwa hiyo mwenye kuhitaji leseni ni bodaboda.

Nilikuwa nawaeleza hivi, na ninyi mambo yenyewe yashikeni hivihivi. Ukinunua laptop ya mtumba umenunua chuma. Programu iliyo ndani hukuinunua, umeachiwa ruhusa ya kuitumia, na ruhusa ina masharti. Ipo ruhusa iliyofungwa kwenye chuma chenyewe, hiyo inahama na mashine kwa kila mnunuzi. Ipo ya mtu binafsi, anaondoka nayo akiuza. Na ipo ya kampuni, ambayo imenunua ruhusa moja kwa mashine zake zote. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye hila. Mashine ikiuzwa, ruhusa haiuzwi. Itaendelea kufanya kazi, itaandika kwenye skrini kwamba kila kitu ni halali, na mnunuzi atafurahi. Lakini kila baada ya muda inataka kurudi kumwamkia bosi wake kwenye mtandao wa kampuni, na isipoitikiwa inaanza kulalamika. Kwanza inaweka mstari mwekundu juu. Baadaye inakuruhusu kusoma tu, kuandika hapana. Wateja wangu walikuwa wananisikiliza vizuri mpaka kwenye neno chuma, halafu wanauliza bei.

Kulikuwa na kosa jingine, na hilo sijalisikia popote ila kwetu watu wa mpakani. Sisi mitumba tulijifunzia kwenye magari. Gari lina stika ya bima kwenye kioo, stika ikiwepo askari anakuacha upite, isipokuwepo mnazungumza. Basi laptop zilipoanza kuingia zikiwa na stika tumboni, ile yenye herufi na tarakimu ndefu, mji ukaelewa mara moja kwamba hiyo ndiyo bima yake. Mtu hakuuliza tena kama ina leseni, aliuliza, "Stika ipo?" Madalali wakaanza kubandua stika za laptop zilizokufa na kuziuza peke yake. Niliwahi kupokea mashine yenye stika tatu, mwenyewe akitembea nayo kwa kujiamini kabisa. Mwalimu mmoja aliibandua ya kwake, akaipeleka kuwekewa plastiki, akaihifadhi pamoja na hati ya kiwanja ili wezi wasiipate. Niliiona. Tarakimu zilikuwa zimebaki kwenye gundi.

Kwa hiyo mkienda na mteja kukagua, acheni stika ikae ilipo na msiihesabu kuwa ushahidi. Iwasheni mashine. Ikidai nywila kabla hata ya kuonyesha picha, rudisheni. Ikiwaka, ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, mtazame kama kuna jina la kampuni au shule iliyojiandika humo. Halafu, na hapa ndipo madalali wanapokumbuka kwamba wana safari, iunganisheni na intaneti palepale kabla ya kulipa, mkae nayo mnywe chai. Mashine yenye mwenyewe mahali pengine haiwezi kuvumilia chai nzima. Nimewaona madalali wakikataa kabisa intaneti, wakisema inaleta virusi. Inaleta mwenye mali, ambaye kwao ni kirusi kibaya zaidi.

Sasa niseme habari ya Mama Nanyinza, maana ndiyo mnayoisimulia vibaya.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Gidioni, ambaye sasa ndiye mwenye kiti cha karibu na feni, alikuwa ameshakuwa fundi kamili, mikono myepesi, maneno mengi. Akaingia mama mmoja mrefu, amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Alikuwa ametoka Kamsamba. Kule alikuwa na steshenari, yeye mwenyewe, meza, printa na laptop. Shule za kata yake zilikuwa zinamtegemea kuchapa mitihani, na kwenye hiyo laptop kulikuwa na mtihani wa majaribio wa darasa la saba, masomo yote, uliokuwa unasubiriwa wiki ileile. Kanisani kwao alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusoma matangazo.

Alikaa, hakufungua kitenge. "Dada, naambiwa nimeiba," akasema.

Alisimulia kwa mpangilio. Laptop aliinunua upande wa pili, Nakonde, kwa dalali. Ilikuwa nzuri, imeandikwa ni halali, programu ya kuandikia imo. Alifanya nayo kazi Kamsamba miezi mingi bila intaneti. Halafu ukaja mstari mwekundu, halafu ikakataa kuandika. Mwalimu mkuu, kwa nia njema, akaiunganisha na simu yake ili ijisasishe. Skrini ikawa nyeusi, yakatokea maneno ya Kiingereza.

"Mwalimu akayasoma kwa sauti. Palepale kibarazani, wateja wamejaa. Mali ya kampuni fulani, imefungwa, piga namba hii. Watu wote wakanitazama. Mmoja ni mke wa mchungaji."

Nilifungua kitenge. Ilikuwa ni kampuni ya huko Zambia inayosafirisha vifaa vya migodini, na maneno yalikuwa kama alivyosema. Nikaigeuza tumboni. Palikuwa na alama ya mstatili, safi kuliko mahali pengine pote, na kandokando mikwaruzo myembamba. Pembeni ya ule mstatili palikuwa na stika ya leseni ambayo hata mtengenezaji wa mashine aliyetajwa humo hakuwa yule wa laptop ile.

"Hapa palikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Namba zao za zamani. Za kampuni. Niliziondoa."

"Uliziondoaje?"

"Kwa kisu, polepole, nisiichubue. Halafu nikafuta na mafuta ya taa."

"Kwa nini, mama?"

Alinishangaa. "Dada, wewe ukinunua gari kwa Wazambia, utatembea nalo huku na namba zao? Si unaondoa unaweka za kwako? Nilitaka wasije wakasumbuliwa wao kwa shughuli zangu mimi."

"Na hii stika?"

"Nimeinunua kwa kijana mmoja pale stendi. Alisema ndiyo leseni, nisipokuwa nayo nitakamatwa."

Kwa hiyo mtu mwaminifu kuliko wote waliowahi kukaa kwenye benchi letu alikuwa amekwangua alama ya mwenye mali kwa kisu, akafuta mabaki kwa mafuta ya taa, akabandika stika ya mashine nyingine, na kuvuka wilaya nzima na kidhibiti kikiwa kwenye kitenge. Askari angeandika maelezo yake akiwa amekaa, bila haraka, na angepandishwa cheo.

Gidioni alikuwa amesogea. "Nipe mimi hiyo, Mama," akaniambia. "Hizi nazijua. Zimejaa hapa mjini. Unakwenda kwenye ubao wenyewe, unabadilisha kidude kimoja, unapiga windo, imekwisha. Hakuna mtu atajua."

Nilimweleza Mama Nanyinza maana yake. Kufuli lile halikuwa kwenye windo, lilikuwa limekaa kwenye ubao wa mashine, na Gidioni angeweza kulivunja. Lakini diski nayo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo wa kampuni. Tukiwa tunazungumza nilishaichomoa na kuijaribu kwenye mashine nyingine, ikanidai tarakimu ndefu ambazo sina. Kulivunja kufuli ni kuaga mitihani yote.

Alifikiri. Nje malori yalikuwa yamesimama kwenye foleni yake ya kila siku, na kijana wa mihogo alikuwa anawatukana kwa upole madereva wasionunua.

"Mtihani ukipotea nitachapa tena, hata nikeshe," akasema. "Jina langu nitalichapa wapi? Pigia hiyo namba."

"Mama, ukipiga watajua ilipo," Gidioni akasema. "Watakuja kuichukua, na wewe juu. Alama umeikwangua. Nani atakuelewa?"

"Waje. Kama ni yao waichukue. Ila wanikute nimekaa nayo mezani, wasinikute nimeifunga kwenye kitenge."

Nakiri niliogopa. Niliogopa kwa ajili yake, maana nilijua jinsi ile mikwaruzo ilivyokuwa inaonekana, na nilijua pia kwamba mashine ikiondoka, steshenari imeondoka. Lakini yeye alishaisogeza laptop katikati ya meza, tumbo juu, mstatili ukiangalia mlangoni, kila anayepita auone. Nikapiga.

Akapokea mwanaume, akajitambulisha kuwa ni Mulenga wa kitengo cha kompyuta. Alizungumza Kiingereza cha mtu anayetaka kwenda kula. Nikamweleza. Akaniomba nimsomee namba iliyoko kwenye alama ya kampuni chini ya mashine. Nikamwambia alama haipo. Akauliza imekwenda wapi. Nikamwambia imekwanguliwa. Kukawa na ukimya wa aina ninayoifahamu, ukimya wa mtu anayetafuta kalamu.

Mama Nanyinza alinyoosha mkono, nikampa simu. Akaamkia kwa heshima, kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," akasubiri aitikiwe kama inavyotakiwa, kisha akaeleza yote kwa Kibemba kilichochanganyika na Kinamwanga cha nyumbani. Akaeleza gari, akaeleza namba, akaeleza kisu, na stika ya stendi. Hakuacha kitu, hata vile vitu ambavyo mimi ningeviacha. Alipomaliza, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa, sote tulimsikia Mulenga.

"Ulitumia mafuta ya taa?" akauliza.

"Ndiyo, mukwai."

"Sisi hapa zinatushinda hata kwa petroli."

Akataka aniongoze nifike kwenye ukurasa unaotokea kabla mashine haijaamka, ambako namba ya kiwandani imeandikwa ndani kabisa na kisu hakifiki. Nikamsomea. Akasema tusubiri, akakata.

Tulisubiri. Gidioni alisimama akarudisha mlango nusu, Mama Nanyinza akamwambia aufungue wote. Nilimwagizia soda, hakuigusa. Wakati fulani aliniuliza kituo cha polisi kiko upande gani, kwa sababu ikibidi angependa kwenda mwenyewe kwa miguu, isije ikaonekana amekamatwa. Nilimwonyesha kwa kidole. Alitazama upande huo, akarekebisha kilemba chake, akaendelea kukaa wima. Sijawahi kumheshimu mteja kama nilivyomheshimu yeye wakati ule, na nimekuwa na wateja wengi ambao niliwapenda.

Simu ikaita.

"Hiyo mashine tuliiuza," Mulenga akasema. "Tulibadilisha mashine zote za ofisi, za zamani zikapigwa mnada. Imo kwenye orodha ya zilizouzwa. Aliyekuuzia aliinunua kihalali. Kilichotokea ni kwamba haikuondolewa kwenye orodha ya zilizopo. Ilipoingia kwenye intaneti mfumo ukadhani imepotea, ukaifunga."

"Nani hakuiondoa?" Mama Nanyinza akauliza.

Tukasikia kiti kinalia huko aliko.

"Mimi, mukwai."

"Haya. Endelea."

Alinisomea tarakimu za kufungulia, nami nikaziandika moja moja. Kufuli likafunguka. Diski nayo ikafunguka. Mtihani wa hisabati ulikuwa mahali pake, swali la kwanza hadi la mwisho, pamoja na kosa la tahajia ambalo Mama Nanyinza aliliona kabla yangu. Alifumba macho kidogo, akayafumbua, akaomba maji. Soda bado hakuigusa, alisema ilikuwa ya wasiwasi.

Mulenga hakuwa amemaliza. Alisema mashine ni ya mama, hakuna wa kumuuliza tena. Lakini windo iliyomo na programu ya kuandikia ni za kampuni, hazikuwa sehemu ya mnada. Mama achukue kazi zake, halafu tufute kila kitu. Nilimfafanulia.

"Yaani nimeuziwa nyumba yenye vyombo vya watu," akasema.

"Ndivyo hasa."

"Basi vyombo virudi kwao."

Hamtaamini, lakini katika miaka yote nikihangaika na neno leseni, huyo ndiye wa kwanza kunielewa, na alinielewa kwa sentensi moja yake kuliko zote zangu. Tangu hapo nikawa nawaeleza wateja kwa vyombo, chuma nikakiacha. Nikampendekezea mfumo wa bure, ule ambao waliouandika wameruhusu mtu yeyote autumie, na programu ya kuandikia ya namna hiyohiyo. Neno bure lilimtia shaka.

"Bure kwa nini?"

"Waliotengeneza wameamua hivyo."

"Wamesema wenyewe?"

"Wameandika, mama. Ipo humo, unaweza kuisoma."

Akaisoma. Ilikuwa ndefu, ya Kiingereza, na sidhani kama kuna mtu mwingine Tunduma aliyewahi kuisoma hadi chini. Aliniuliza maneno mawili matatu, akaitikia kwa kichwa, akaniambia niiweke. Kisha akaomba kisu na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hatukuwa nayo, akatumia spiriti yetu ya kusafishia, na ile stika ya stendi ikatoka vipande vipande.

Nimeruka jambo moja la kwenye simu. Tulikuwa tunakaribia kuagana na Mulenga aliposema, kama mtu aliyekumbuka jambo mlangoni, "Lakini, mama fundi, hiyo haikuwa peke yake. Ziliuzwa nyingi siku ile, na nyingi zilivuka kuja kwenu. Zote sikuziondoa kwenye orodha. Lazima zimefungwa kama hiyo. Mbona hakuna mtu mwingine aliyewahi kupiga simu?"

Nilimtazama Gidioni. Gidioni alikuwa anaitazama feni.

Hakuna fundi wa mtaa ule ambaye hakuwa ameiona skrini ile. Watu walizileta kwenye mifuko ya unga, wakinong'ona, wakiomba tusiwashe taa ya mbele. Wengine walizivunjavunja wakauza vipuri. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye wajukuu, aliitumbukiza ya kwake chooni kwa hofu, na mpaka leo akiliona gari la polisi anakunja kona. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa palepale kwenye skrini, kwa herufi kubwa, na sote tulikuwa tunaisoma kama tangazo la kukamatwa. Nilimwambia Mulenga kwamba nadhani watu wa huku wana aibu. Akasema ataziondoa kwenye orodha zile ambazo wenyewe watampigia na kumsomea namba, maana safari hii anataka kuhakikisha moja baada ya nyingine. Tukaagana.

Mitihani ilianza kutoka kwenye printa yetu. Mama Nanyinza alikaa mwisho wa meza, akiipanga kwa masomo na kuibana pini, kila karatasi akiipitia kwanza kwa jicho. Duka lilikuwa kimya isipokuwa printa. Gidioni alifungua kabati la chini, mahali anapoweka begi lake, akakaa amechuchumaa hapo kwa muda bila kutafuta kitu. Mwishowe akatoa laptop yake mwenyewe, ile ambayo hakuwahi kuiunganisha na intaneti mbele yetu, akaiweka mezani. Tumboni mwa laptop palikuwa na mstatili safi.

"Mama," akasema, "hiyo namba ya simu bado unayo?"

Mama Nanyinza hakuinua macho kutoka kwenye pini zake.

"Piga sasa hivi, mwanangu, kungali mchana. Ukipiga usiku watadhani mwizi."